Kupata wekundu halisi kwenye mimea ya tangi la samaki, kwa hali ya hewa ya Nyanda za Juu Kusini

Karibu mtazamaji. Leo tunajibu swali moja: kwa nini mmea ulioununua ukiwa mwekundu hugeuka kijani au kahawia ukikaa mwezi mmoja ndani ya tangi, na ufanyeje ili wekundu urudi. Vipimo vyote utakavyosikia ni vya tangi lenye maji lita 60. Lako likiwa la lita 120, zidisha mara mbili mililita za mbolea na nguvu ya taa na hita.

Kwanza jambo lenyewe. Wekundu wa jani hutokana na rangi inayoitwa antosiyanini. Mmea huitengeneza kama kinga, pale mwanga unapokuwa mkali kuliko unavyoweza kuutumia. Kwa baadhi ya mimea, naitrojeni ikipungua kidogo, rangi hiyo huongezeka zaidi. Kwa hiyo mambo makubwa ni mawili: mwanga na naitreti, yaani naitrojeni iliyoyeyuka majini. Chuma hakimo. Utauziwa kichupa cha mbolea ya chuma ukiambiwa ndiyo dawa ya wekundu, lakini kazi ya chuma ni kuusaidia mmea kutengeneza klorofili, yaani ukijani. Kikikosekana, majani machanga yanapauka na kuwa ya njano huku mishipa ikibaki kijani. Kikitosha, ukiongeza kingine unamwaga hela.

Hatua ya kwanza ni kuchagua mmea. Tazama hapa mezani. Upande wa kushoto ni Alternanthera reineckii na ile Ludwigia inayouzwa kwa jina la Super Red. Hawa ni wekundu wa kuzaliwa, hata naitreti ikiwa nyingi hawabadiliki sana. Kulia ni Rotala rotundifolia na Ludwigia arcuata. Hawa ndio wabishi: ukiwalisha vizuri ni kijani chenye machungwa kidogo, ukiwabana naitreti wanawaka. Anayeanza achukue Super Red, awaache hawa wengine mpaka mkono uzoee. Usishtuke mmea ukifika kwako ukiwa kijani kabisa. Mara nyingi hukuzwa nje ya maji, na majani hayo ya nchi kavu yataoza ndani ya wiki mbili hadi nne. Yanayoota baada ya hapo ndiyo ya kuyahukumu.

Na kama una mbuna, wale samaki wa mawe wa Ziwa Nyasa, funga video hii. Wanachimba mchanga, wanang'oa mashina, na maji wanayoyapenda ni ya alkali. Samaki wa tangi hili ni wadogo na wachache: gapi, plati, neoni tetra. Kinyesi na chakula chao ni naitreti vilevile, kwa hiyo wakijaa utashindwa kuidhibiti.

Mchanga hautuchukulii muda. Tumia wa mtoni, punje za milimita 1 hadi 2, uoshe mpaka maji yatoke meupe, kina sentimita 6. Dondoshea siki kabla ya kuuweka. Ukitoa povu una chokaa, utafute mwingine.

Sasa mwanga. Taa ya LED iwe na lumeni (kipimo cha wingi wa mwanga) 2,400 au zaidi, yaani 40 kwa kila lita, na soma boksi lake: chagua yenye diodi, yaani vile vitaa vidogo vya ndani, nyekundu na bluu pamoja na nyeupe. Kuna mambo mawili hapa ambayo watu huyachanganya. Moja ni mmea kutengeneza wekundu, la pili ni jicho lako kuuona. Taa nyeupe ya bei chee ina mwanga mwekundu kidogo mno, na jani jekundu chini yake linaonekana kahawia hata likiwa zima. Kabla hujabadilisha mbolea, chomoa jani moja ulitazame juani. Likiwa jekundu huko, tatizo ni taa.

Iwake kwa muda wa saa 6 kila siku, kwa kutumia taima. Baada ya wiki tatu, kama mwani, yaani ule utando na nyuzi zinazoota kwenye kioo na majani, hauonekani, ongeza muda hadi saa 8 na uishie hapo. Usiliweke tangi dirishani. Jua la Mbeya ni kali na huna swichi ya kulizima.

Hatua ya gesi, na hapa ndipo wengi wanakwama. Mwanga mkali bila kaboni dayoksaidi ya kutosha unakuletea mwani, hasa ule mweusi wa manyoya. Mwenye uwezo anunue mtungi wa gesi hiyo na regyuleta ya kuipimia kasi. Asiye nao atumie hamira. Chukua chupa ya soda ya lita 2, tia sukari gramu 200, maji vuguvugu lita 1, na nusu kijiko cha chai cha hamira ya chenga. Toboa kifuniko, pitisha mpira mwembamba, ziba kwa gundi. Mpira huo uingie kwanza kwenye chupa ndogo yenye maji kidogo ili kunasa povu, halafu uende tangini kwenye difyuza, kile kifaa kinachovunja gesi kuwa viputo vidogo. Katikati weka vali ya kuzuia maji kurudi. Tengeneza chupa mbili, na kila wiki badilisha moja tu. Ukizibadilisha zote siku moja gesi itapanda na kushuka, na huko kuyumba ndiko mwani unakokupenda. Hakikisha difyuza haijaziba, maana chupa iliyoziba inaweza kupasuka.

Kwa huku kwetu kuna mawili ya kuzingatia. La kwanza ni baridi. Mwezi wa sita na wa saba chumba kikiwa na nyuzi 12, hamira inasinzia na viputo vinakatika usiku. Iweke chupa ndani ya ndoo ya maji pamoja na hita ndogo, au iviringishe blanketi na kuisogeza jirani na tangi. Usiongeze hamira, kwa sababu siku ikipata joto itafanya kazi yote kwa mkupuo. La pili ni mwinuko. Mbeya mjini ni kama mita 1,700 kutoka usawa wa bahari, na hewa yetu ni nyepesi. Maji yenye joto lilelile hushika oksijeni pungufu kwa karibu asilimia 18 kuliko Dar es Salaam. Kwa hiyo samaki wako hawana akiba kubwa ya oksijeni, na gesi ikizidi wataumia haraka. Kupima gesi iliyomo majini, tumia kile kichupa cha kioo chenye kimiminika cha rangi kinachokaa ndani ya tangi. Bluu maana yake gesi haitoshi, kijani ni karibu miligramu 30 kwa lita, njano ni hatari. Hapa kwetu ishia kwenye kijani iliyokolea, na mdomo wa chujio utikise uso wa maji. Kichupa hicho huchelewa kama saa mbili kuonyesha mabadiliko, kwa hiyo usikimbilie kurekebisha. Gesi ya hamira haizimwi, kwa hiyo taa zikizimwa washa pampu ya hewa mpaka asubuhi.

Mbolea. Huhitaji vichupa vya bei kubwa. Nenda duka la pembejeo, Mwanjelwa, Uyole, au lililo karibu nawe Iringa na Njombe, uulizie mbolea za kuyeyuka wanazotumia wakulima wa nyanya za kitalu nyumba. Chukua potasiamu naitreti, MKP (potasiamu na fosfeti), potasiamu salfeti, na mchanganyiko wa virutubisho vidogo wenye chuma cha kileti, yaani kilichofungwa ili kisituame upesi, ikiwezekana kwa kifungio cha DTPA. Usichukue yurea, CAN wala DAP. Zina amonia au hugeuka kuwa amonia, na samaki watakufa. Mizani iwe ile midogo ya kidijitali ya kupimia dhahabu. Watu wa Chunya wanaijua.

Chupa A: potasiamu naitreti gramu 30 kwa nusu lita ya maji. Mililita 10 zake huongeza naitreti kama miligramu 6 kwa lita. Chupa B: MKP gramu 5 kwa nusu lita, ambapo mililita 10 ni fosfeti kama 1.2. Chupa C: chuma cha DTPA cha asilimia 11, gramu 3 kwa nusu lita, mililita 10 ni chuma kama 0.1. Kama ulichopata ni mchanganyiko, soma asilimia ya chuma kwenye lebo na upige hesabu upya. C usiichanganye na B kwenye chupa moja, chuma na fosfeti hushikana na kutuama chini.

Wiki nane za mwanzo lisha kwa ukarimu. Jumatatu, Jumatano na Ijumaa tia mililita 10 za A na 10 za B. Jumanne, Alhamisi na Jumamosi, 10 za C. Jumapili badilisha nusu ya maji. Maji ya bomba yalaze ndoo wazi usiku kucha, na msimu wa baridi yachanganye na ya moto yafike nyuzi 22 kabla ya kumimina. Kipindi hiki mimea itakuwa ya kijani kuliko unavyotaka. Iache, inajenga mashina na mizizi.

Ndipo uanze kubana. Punguza A iwe mara moja tu kwa wiki, B na C zibaki zilivyo. Pima naitreti kwa kipimo cha matone kila Jumamosi, lengo ni kati ya miligramu 3 na 5 kwa lita. Watu wengi husahau kwamba ukipunguza potasiamu naitreti umepunguza na potasiamu, na majani ya zamani yataanza kutoboka matundu madogo. Hapo ndipo potasiamu salfeti inapoingia: gramu 20 kwa nusu lita, mililita 10 mara mbili kwa wiki. Baada ya wiki mbili au tatu tazama vichwa vya Rotala. Jani lililokwisha kukomaa kijani usilitegemee, wekundu unakuja na majani mapya.

Umebana kupita kiasi ukiona majani ya chini yanakuwa ya njano na kudondoka, vichwa vinadumaa, na kioo kinapata vumbi la kijani. Rudisha A mara mbili kwa wiki. Naitreti ikifika sifuri mmea unakufa njaa, na wekundu wa siku chache utakaouona ni wa mgonjwa.

Joto la maji liwe nyuzi 23 hadi 24. Hita ya wati 100 inatosha lita 60 kwa usiku wa huku. Maji ya 28 hukuza shina haraka, refu na lililopauka.

Mashina yakigusa uso wa maji, kata vichwa vya sentimita 12, ng'oa vishina vya chini vilivyobaki, upande vichwa hivyo mahali pake kwa nafasi ya sentimita 2. Vikibanana zaidi, chini patakuwa giza na kuoza.

La mwisho, umeme. Ukikatika, taa si shida, mimea huvumilia giza hata siku mbili. Shida ni kwamba chujio limesimama na hamira inaendelea kutoa gesi. Chomoa mpira wa gesi majini kwanza, kisha funika tangi kwa blanketi. Ukirudi, washa chujio, subiri nusu saa, ndipo urudishe gesi.