Saa ya Kwanza na Linux: Mhadhara kwa Wasaidizi

Assalamu alaikum, na hamjambo nyote. Tangu Microsoft iache kuihudumia Windows 10, Oktoba 14, 2025, wako watu hapa Mombasa wenye laptopu nzima kabisa ambazo Windows 11 inazikataa. Baadhi yao ndio hao mtakaowapokea leo, mashine zao zishatiwa Linux Mint, mfumo wa bure unaochukua nafasi ya Windows. Kutia si kazi. Kazi ni saa ile ya kwanza, na hapo ndipo nyinyi vijana mnapoharibu: mwaivuta laptopu upande wenu, vidole vyakimbia, mara mmemaliza, na mwenyewe avuka feri kurudi Likoni na mashine asiyoijua. Sharti langu ni moja: kibodi isitoke mikononi mwa mwenyewe. Wewe ni mdomo tu, na subira.

Mwanzo ni intaneti. Baadhi ya kadi za Wi-Fi za Broadcom hugoma: draiva yake, yaani programu ya kuiendesha kadi, iko mtandaoni, na mtandaoni hufiki bila draiva. Msihangaike. Mwenyewe achomeke simu yake ya Android kwa waya wa USB, awashe kushiriki intaneti kwa waya huo, na Linux itaiona simu kama kebo ya mtandao. Simu ikiwa imeshika Wi-Fi ya ukumbi, itapitisha hiyo hiyo, bando lake lisalimike. Kisha afungue dirisha la draiva, achague iliyopendekezwa.

Kabla ya masasisho, Timeshift. Hii hupiga nakala ya mfumo ulivyo sasa, ili kesho kitu kikiharibika arudi nyuma. Lakini mwambieni waziwazi: isipobadilishwa, Timeshift haigusi faili zake mwenyewe. Picha za harusi na barua za shule azinakili kando, kwenye diski ya nje.

Ndipo aibofye ile ngao ndogo chini kulia. Masasisho ya kwanza huwa mazito, kwa hivyo chaji iwepo. Stima zetu mwazijua. Mashine ikizimika katikati, kisha ikalalamika kuhusu dpkg, chombo chake cha kutia programu, asiwepo wa kukimbilia kutia upya! Mwenyewe afungue terminali, dirisha la kuandikia amri, aandike sudo dpkg --configure -a, na kazi itaendelea palipokatika.

Saa je? Kwenye orodha ya miji Mombasa haimo. Kenya nzima ni Nairobi, tuvumilie. Aliyeibakisha Windows pembeni anaweza kukuta saa inapishana kwa masaa matatu, maana Linux hupenda kuhesabu saa ya mashine kwa UTC, saa ya kimataifa, na Windows huisoma kama saa ya hapa. Dawa yake, kwenye terminali, ni timedatectl set-local-rtc 1.

Mapambo ya skrini mwachieni akacheze nayo nyumbani. Mimi naona la kuharakishwa zaidi ni LibreOffice, programu ya kuandikia barua. Kwenye mipangilio yake ya kuhifadhi, achague docx, aina ya faili ya Word, iwe ya kawaida, la sivyo atapeleka odt, aina ya LibreOffice yenyewe, kuchapisha cyber ya Mwembe Tayari na kijana wa pale atamwambia faili imeharibika. Aandike barua fupi, aihifadhi, aifunge, aitafute mwenyewe. Akiikosa, msimwonyeshe kwa kidole. Mwulizeni aliiweka wapi.

Haya, milango ifunguliwe. Wenye Wi-Fi inayogoma waje meza hii ya mbele, na waya za simu wazishike mkononi.