Kaka, ile hela ya kazini siitoi kununua kiwanja

Haya wapendwa wangu, karibuni tena. Leo nimekaa hapa mezani jikoni, gari la kazi liko nje na ndoo bado zimo ndani. Nimetoka kusafisha ofisi mbili huku Houston na kesho saa kumi alfajiri niko barabarani tena, lakini hili jambo sitaki lilale.

Juzi kaka yangu kanipigia kutoka Dar. Kuna kiwanja Kigamboni, mwenyewe ana shida, anakiachia kwa shilingi milioni 18, kama dola 7,200, na ana haraka. Kaka akaniambia, "Mdogo wangu, si ulisema kuna hela yako ipo kule ulikokuwa unatunza wazee? Itoe basi. Hela imelala tu na kiwanja kinapita." Kaka yangu hana ubaya, ananitakia mema. Simu kama hiyo wengi mlio huku mmeipokea, na wengi mlio nyumbani mmeipiga. Kwa hiyo leo nataka niwajibu wote pamoja, kaka akiwemo.

Hiyo hela ni nini? Mwajiriwa wa Marekani, kazini kwake mara nyingi kuna akaunti ya kustaafu inayoitwa 401(k). Kila mshahara unakatwa kidogo, na mwajiri akiwa mwema anakuongezea. Nyumbani mmesikia sana habari za kikokotoo, kwamba mstaafu apewe asilimia ngapi kwa mkupuo na ngapi kila mwezi. Kwenye 401(k) hakuna kikokotoo. Ulichoweka, alichokuongezea mwajiri (ukishatimiza muda wa kazi ambao baadhi ya waajiri wanautaka) na faida au hasara ya soko, hicho ndicho chako. Na kwa kuwa michango ya kawaida haikutozwa kodi ya mapato ilipoingia, serikali inaisubiri mlangoni siku inapotoka.

Ukiitoa kabla hujafikisha miaka 59 na nusu, ukiacha hali chache zilizosamehewa, unalipa kodi ya mapato halafu adhabu ya asilimia 10 juu yake. Mimi niko kwenye daraja la kodi la asilimia 12. Jumlisha: asilimia 22. Ili kaka apate dola 7,200 za kiwanja, mimi natakiwa nitoe karibu 9,200. Yaani dola 2,000 zinaondoka na hakuna aliyezionja, si mimi, si kaka, si mwenye kiwanja. Hapo nimeshukuru niko Texas, hakuna kodi ya mapato ya jimbo. Walioko California jimbo linadai kodi yake, na linaongeza adhabu ya asilimia 2.5.

Sasa naomba niwaambie kitu ambacho sijawahi kukisema hapa.

Mwaka 2019 niliacha kazi ya kwanza, ya ghala. Nilikuwa na dola 6,200 kwenye akaunti ya kule. Nikapiga simu, nikasema naomba hela yangu. Yule dada wa kwenye simu akaniuliza maswali mawili matatu kwa haraka, mimi nikawa naitikia tu, ndiyo, ndiyo. Baada ya kama wiki mbili bahasha ikaja. Nakumbuka nimeifungulia kwenye ngazi za nje, na viatu vya kazi miguuni. Hundi ina jina langu, lakini imeandikwa dola 4,960. Nikaigeuza nyuma, nikaigeuza mbele. Zingine ziko wapi?

Zilikuwa zimekatwa kodi ya zuio, asilimia 20, dola 1,240. Ndiyo sheria: 401(k) ikikulipa wewe mkononi, lazima wazuie asilimia 20. Unapewa siku 60 uipeleke kwenye akaunti nyingine ya kustaafu, na ukitaka isamehewe yote unatakiwa upeleke 6,200 kamili. Maana yake ile 1,240 uitafute kwingine uijazie, halafu usubiri urejeshewe utakapopeleka ritani ya kodi. Mimi 1,240 ningeitoa wapi?

Na wiki hiyohiyo baba alikuwa amelazwa. Hela ikaenda hospitali. Kwa hilo sijuti, na hata leo ningefanya hivyohivyo kwa baba. Kinachoniuma ni kwamba baba alihitaji kama dola 1,500, na mimi nilikuwa nimeshavunja akaunti nzima. Ningeweza kuhamisha yote salama kwanza, kisha nikachukua ile 1,500 tu. Aprili ilipofika, wakati wa kupeleka ritani, ndipo nikajua kwamba kile walichozuia hakikutosha. Kodi 744, adhabu 620, jumla 1,364. Bado nikadaiwa 124. Wengi wanadhani wakishakatwa ile asilimia 20 mambo yameisha. Hayajaisha jamani, yale ni malipo ya awali tu.

Kwa hiyo mwaka 2024, nilipoacha kule kwa wazee nikaanza hii kazi yangu ya usafi, nilikuwa na dola 31,400 na sikutaka kurudia kosa. Safari hii nilianza kufungua IRA, hiyo ni akaunti ya kustaafu ya mtu binafsi, haitegemei mwajiri. Nikapata namba ya akaunti. Ndipo nikapiga simu kwa wale wa zamani, nikawaambia nataka rolova ya moja kwa moja, kutoka kwenu kwenda kwa hawa, mimi nisiiguse. Nikaandika maneno hayo kwenye karatasi nikayasoma kama yalivyo.

Na bado hundi ikaja nyumbani kwangu! Moyo ukanipasuka. Lakini tazama mstari wa jina. Haikuandikwa jina langu peke yake. Liliandikwa jina la kampuni inayoshika IRA yangu, zikafuata herufi tatu, FBO, ndipo jina langu. Maana yake ni kwa manufaa yangu, ila mlipwaji ni kampuni. Hundi ya namna hiyo hata ukiipeleka benki huwezi kuiweka kwenye akaunti yako ya kawaida. Kazi yangu ilikuwa kuituma mbele tu. Na kiasi kilikuwa 31,400, hakuna hata senti iliyozuiwa. Januari iliyofuata ikaja Fomu 1099-R, ile inayoonyesha hela iliyotoka kwenye akaunti ya kustaafu. Kisanduku cha 2a, kiasi cha kutozwa kodi, sifuri. Kisanduku cha 7, herufi G. Ukiona G, pumua. Ukiona namba 1 hapo, ujue wameandika kwamba umetoa mapema.

Kuna mtu atauliza, kwa nini usiiache kulekule kwa mwajiri wa zamani? Unaweza. Lakini ikiwa ndogo, haizidi dola 7,000, mpango wao unaruhusiwa kukuondoa hata kama hujasema kitu. Chini ya 1,000 wanaweza kukutumia hundi, na ikizidi hapo wanaihamishia kwenye IRA waliyoichagua wao. Na sisi tunahama sana. Umetoka Houston umeenda Columbus, barua zinakwenda kwenye nyumba anayokaa mtu mwingine.

Sasa upande wa kujiajiri, hapa ndipo nilipojifunzia kwa jasho. Ukiwa mwajiriwa kuna mtu anakukatia. Ukijiajiri hakuna. Kwenye faida yako unalipa kodi ya kujiajiri, asilimia 15.3, inahesabiwa kwenye asilimia 92.35 ya faida. Tuseme faida ni dola 50,000 kwa mwaka: kodi hiyo peke yake ni kama 7,065, kabla hujafika kwenye kodi ya mapato. Inaumiza, lakini ndiyo inayokujengea haki ya pensheni ya serikali, Social Security, ambayo inataka pointi 40, na kwa mwaka huwezi kupata zaidi ya nne. Anayeficha mapato ili asilipe, anajipunguzia pensheni yake mwenyewe.

Inalipwa pamoja na kodi ya mapato kwa awamu nne. Mfanyabiashara wa nyumbani anayelipa TRA kwa awamu ananielewa. Huku ni Aprili 15, Juni 15, Septemba 15 na Januari 15. Mimi kila mteja akinilipa, asilimia 25 inakwenda kwenye akaunti ya pembeni siku hiyohiyo, kabla sijanunua hata sabuni.

Kwa aliyejiajiri kuna akaunti mbili zinazotajwa sana. Moja ni SEP IRA. Kwa faida ile ya 50,000, mwaka wa kodi 2025 unaweza kuweka hadi kama dola 9,290. Nyingine ni Solo 401(k), ya mtu asiye na wafanyakazi isipokuwa mwenzi wake wa ndoa. Hiyo inakuruhusu kuweka 23,500 kama mfanyakazi, halafu ile 9,290 kama mwajiri. Karibu 32,800! Watu wakisikia hivyo wanaikimbilia Solo. Mimi nawauliza, una 32,800 ya kuweka? Mimi sina. Naweka 500 kwa mwezi. SEP inafunguliwa kwa fomu fupi, na naweza kuichangia hadi siku ya mwisho ya kupeleka ritani, hata nikiomba muda hadi Oktoba. Inanitosha. Siku nikiajiri mtu itabidi niangalie upya, kwa sababu SEP inataka mfanyakazi aliyetimiza masharti awekewe asilimia ileile ninayojiwekea mimi, na huo ni uungwana pia.

Ila hapa sikilizeni vizuri: hela unayoweka kwenye SEP inapunguza kodi ya mapato tu. Ile asilimia 15.3 haiguswi. Nimekutana na watu waliopangiwa mahesabu vibaya kwa kudhani inapunguza zote mbili.

Na kwa mtu wa kipato changu, nasema wazi, Roth IRA naipenda zaidi. Hiyo unaweka hela ambayo imeshalipiwa kodi, na ukistaafu, ukitimiza masharti, unatoa bila kodi. Kwa mwaka 2025 mwisho ni dola 7,000, au 8,000 kama una miaka 50 na zaidi. Kilichonivuta ni hiki: ile michango yenyewe uliyoiweka unaweza kuitoa wakati wowote bila kodi wala adhabu. Faida ndiyo huigusi. Kwa sisi ambao simu ya saa nane usiku inaweza kuwa ya msiba, hilo ni jambo kubwa. Laiti mwaka 2019 ningekuwa na Roth, baba angetibiwa na ile 6,200 isingeguswa.

Mwaka wa kwanza wa biashara faida yangu ilikuwa ndogo, nilinunua mashine na gari. Faida ikiwa ndogo, kodi ya mapato nayo inakuwa ndogo, kwa hiyo nikatumia nafasi hiyo kuhamisha dola 5,000 kutoka ile IRA ya rolova kwenda Roth. Nikalipa kodi yake kutoka mfukoni, sikuikata kwenye hizo 5,000, na adhabu hakuna. Lakini kiasi ulichohamisha hivyo ukikitoa kabla ya miaka mitano na hujafikisha ile 59 na nusu, adhabu inarudi. Nimeandika tarehe ukutani.

Ndugu zangu Waislamu mnaoniandikia kuhusu riba: akaunti ni chombo tu, unachagua wewe cha kuweka ndani, na ipo mifuko ya hisa inayofuata sharia. Mnaotaka kurudi nyumbani moja kwa moja nanyi mjue, Marekani haina mkataba wa kodi ya mapato na Tanzania wala Kenya. Asiye raia akishaacha ukaazi, kwa kawaida malipo ya pensheni huzuiwa asilimia 30. Panga kabla ya kukata tiketi.

Halafu jina la mrithi. Tafadhali. Ile fomu ya mnufaika ndani ya akaunti ina nguvu kuliko wosia. Ukiandika mume uliyeachana naye ukasahau kubadilisha, huenda akalipwa yeye. Mimi nimemwandika mama, na nimemtumia dada yangu picha ya jina la kampuni na namba ya simu, kwa sababu nimeshakaa kwenye michango ya kusafirisha mwili wa mtu, tunachangishana dola ishirini ishirini, na miezi baadaye mke wake anakuta barua ya akaunti ambayo hakuna aliyejua ipo.

Kaka, najua utaitazama hii. Kiwanja tutanunua. Nina 2,300 nimeziweka kwa ajili hiyo na Machi natarajia kufika 4,000. Mwambie huyo mzee mwenye kiwanja kama atakubali tumlipe kwa awamu mbili, tuandikiane kwa mwanasheria na mwenyekiti wa mtaa awepo. Asipokubali, tutatafuta kingine.

Jumatatu ni Septemba 15, ngoja nilipe awamu ya tatu kabla sijalala. Wenye maswali ya ile Fomu 1099-R niandikieni chini hapo, mkifunika namba zenu kwenye picha. Usiku mwema wa huku, asubuhi njema ya huko.