Meza ya Mapokezi: Vifaa Bora vya Kupimia Maziwa Kituoni

REHEMA: Karibuni. Leo tunazungumzia meza ya mapokezi kwenye kituo cha kukusanyia maziwa: laktomita, yaani kifaa kinachoelea ndani ya maziwa kuonyesha kama yametiwa maji, spiriti ya kupimia kama yameanza kuchacha, foleni ya wakulima na madumu yao. Elia, vifaa hivi vinakosea wapi zaidi?

ELIA: Kwenye joto, dada. Laktomita nyingi zimepimwa kwa maziwa ya nyuzi 20. Kila nyuzi inayozidi hapo unaongeza 0.2 kwenye usomaji, kila inayopungua unatoa 0.2. Chukua maziwa ya Tanga yenye nyuzi 30, laktomita inasoma 25. Mpokeaji anayajua mazuri kuwa kati ya 26 na 32, basi anayakataa kwamba yametiwa maji. Yakisahihishwa ni 27, hayana tatizo. Njombe asubuhi ya baridi ni kinyume: nyuzi 15, yanasoma 26.5, yanapokelewa, kumbe ni 25.5.

REHEMA: Mmoja anaonewa, mwingine anapita na maji yake.

ELIA: Ndiyo maana nasisitiza kipimajoto kiwe sehemu ya mtungi wa kupimia, kisiwe cha kutafutwa droo. Mtungi uwe wa chuma kisichoshika kutu, upana wake wa ndani uzidi tumbo la laktomita kwa sentimita moja hivi, maana laktomita ikigusa ukuta inakwama na kusoma uongo. Uketi juu ya sinia, ujazwe mpaka ufurike. Povu linatoka na maziwa yanayomwagika, na usomaji unafanyika ukingoni kabisa.

REHEMA: Si wengi wanataka mtungi wa plastiki, ili waone ndani?

ELIA: Maziwa hayapitishi mwanga, utaona nini? Unasoma usawa wa juu, pale maziwa yanapopanda kidogo kwenye shingo ya laktomita. Plastiki ikioshwa kwa maji ya moto na sabuni kali hupasuka nyufa ndogo, na ndani ya nyufa vijidudu vinakaa.

REHEMA: Na hesabu ya kusahihisha?

ELIA: Isifanywe kichwani watu wakisubiri. Jedwali lichongwe kwenye kibao cha chuma, joto upande mmoja, usomaji juu, jibu katikati, kibao kimwelekee mkulima. Lakini angalia shingo ya laktomita kwanza: zipo zilizopimwa kwa nyuzi 15.5, na hizo jedwali lake ni jingine. Kituo kiwe na aina moja tu.

REHEMA: Tuje kwenye spiriti.

ELIA: Mililita 2 za maziwa, mililita 2 za spiriti ya asilimia 68. Yakiganda, yana shaka. Bastola ya alkoholi inapima vyote viwili kwa kuinamisha mkono, ni kifaa kizuri, ila kikombe chake kinabakiza matone. Maziwa machachu ya dumu lililopita yanamgandishia anayefuata. Ukisuuza kwa maji bila kukung'uta, maji yanadhoofisha spiriti, na machachu yanapita. Ningetaka kikombe chenye kona za mviringo, kinachofunguka kwa mkono bila bisibisi.

REHEMA: Na chupa iliyoachwa wazi?

ELIA: Hiyo ndiyo hatari isiyoonekana. Alkoholi huruka upesi kuliko maji, kwa hiyo nguvu inashuka siku hadi siku na kipimo kinazidi kusamehe. Bastola iwe na kifuniko chenye mpira. Kuchanganya ni rahisi: mililita 708 za alkoholi ya asilimia 96, kisha maji yaliyochemshwa na kukusanywa mvuke wake mpaka ifike lita moja. Jaza mpaka alama, usipime maji peke yake, kwa sababu vikichanganyika ujazo hupungua.

REHEMA: Yakiganda, mkulima afukuzwe?

ELIA: Hapana! Dang'a huganda, ugonjwa wa kiwele pia, hata ng'ombe aliye karibu kukauka. Hapo kituo kiwe na bureti ndogo, mrija wenye alama wa kudondoshea dawa: mililita 9 za maziwa, matone machache ya fenolftaleini, dawa inayobadili rangi asidi ikiisha, halafu unadondosha soda kostiki yenye nguvu iliyoandikwa 0.1 N mpaka rangi ya waridi hafifu ibaki. Mililita za soda ulizotumia gawa kwa 10, ndiyo asilimia ya asidi. Ikitoka 0.16 au 0.17 wakati spiriti imegandisha, maziwa hayajachacha. Mpokeaji amwambie mkulima akakague viwele, ng'ombe mmoja mmoja, kabla ya kukamua jioni.

REHEMA: Na maziwa hayo yawekwe kando, yasimwagwe kwenye tangi.

ELIA: Yawekwe kando, na namba ya dumu iandikwe.