Mtu Mzima na Mtu Nusu

REHEMA: Karibuni, wasikilizaji. Leo tunauliza utoto ni nini hasa. Kaka Idrisa, kabla hatujawafikia wanasosholojia, yaani wachunguzi wa maisha ya jamii, tuitazame lugha yetu yenyewe, kwa sababu tunapomwita aliyevuka utoto “mtu mzima”, tunakuwa tumekwisha kusema, bila kukusudia, kwamba mtoto ni mtu nusu.

IDRISA: Na ndivyo sosholojia ilivyomtazama kwa muda mrefu, dada. Kwa Talcott Parsons, Mmarekani aliyekuwa na sauti kubwa katika taaluma hiyo katikati ya karne ya 20, mtoto ni wa kufundwa kanuni za jamii mpaka azifanye zake. Katika maelezo hayo mtoto hatendi, hutendewa.

REHEMA: Kisha mwaka 1960 mwanahistoria Mfaransa, Philippe Ariès, akadai kwamba katika Ulaya ya zama za kati dhana ya utoto haikuwapo. Waliomfuata wamempinga, nami naona alitia chumvi, lakini swali lake limebaki: ikiwa utoto ni umri tu, mbona maana yake hubadilika?

IDRISA: Anayenishawishi zaidi ni mwanasosholojia Viviana Zelizer. Alionyesha kwamba nchini Marekani, kati ya miaka ya 1870 na 1930, mtoto aliyekuwa akileta kipato nyumbani aligeuka kuwa mtu asiyeingiza hata senti, lakini ambaye thamani yake haipimiki kwa fedha. Mahakama zilizozoea kukadiria fidia ya mtoto aliyekufa ajalini kwa kuhesabu mshahara ambao angeuleta, zikajikuta zinapima majonzi ya wazazi. Mwili wa mtoto wa miaka 10 ulikuwa uleule. Waliobadilika ni wazazi, waajiri na watunga sheria.

REHEMA: Ndiyo maana nampenda mwanasosholojia Leena Alanen wa Ufini, anayeuona utoto na utu uzima kuwa nafasi mbili zinazoumbana, hata moja haieleweki bila nyingine. Kiswahili kinalijua hilo: wa miaka 6 ni mtoto, na mzee wa miaka 60 bado ni mtoto wa mama yake.

IDRISA: Je, katika kuumbana huko mtoto ana nguvu yoyote?

REHEMA: Anayo, ila ni ya kichinichini. Mwanasosholojia William Corsaro, aliyekaa na watoto wa shule za awali Marekani na Italia, aliwaona wakificha mifukoni vitu vidogo vya kuchezea vilivyokatazwa, nao walimu mara nyingi walijifanya hawaoni. Sheria ilikuwa ya watu wazima, lakini mipaka yake iliwekwa na pande zote mbili.

IDRISA: Hata Kifungu cha 12 cha Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Mtoto wa mwaka 1989 kinataka maoni ya mtoto yapewe uzito kulingana na umri na upevukaji wake.

REHEMA: Na mizani ya upevukaji huo, kaka, anaishika nani?

IDRISA: Mtu mzima.