Sukari Isubiri: Kupika Anko ya Kijapani Nyumbani

Mabibi na mabwana, wengi wenu mmekwisha kuionja anko, lile rojo tamu la azuki, maharage madogo mekundu, linalojazwa katika vitamutamu vya Kijapani, kwa hiyo sitaieleza upya. Nimekuja kusisitiza jambo ambalo nimelisema katika kila darasa nililofundisha na ambalo bado linapuuzwa: sukari haiingii sufuriani mpaka azuki ziwe zimeiva kabisa. Sisemi zilainike kiasi. Ukiibana moja kati ya kidole gumba na kidole cha mwisho, ambacho hakina nguvu, na isipopondeka papo hapo, basi bado.

Nalisema kwa uchungu kwa sababu nimelipia. Siku ya kwanza nilipopika anko nilikuwa nikitarajia wageni jioni. Nilipima gramu 250 za azuki, nikazichemsha dakika 40, nikaonja, nikaona zinatafunika, nikamimina gramu 200 za sukari kwa mkupuo mmoja, nikiamini kwamba zingemalizia kuiva humo humo. Hazikuiva. Nilizikalia saa mbili nzima, nikiongeza maji na kuchochea mfululizo, na kila nilipoonja nilikuta kiini kile kile kigumu, huku shira ikizidi kuwa nzito na kuanza kushika chini. Sukari huvuta maji: ikishajaa sufuriani, maji hayaingii tena ndani ya punje kwa urahisi, bali hata yale yaliyomo hutoka, na ganda hukaza. Sukari iliyotangulia hairekebishwi kwa moto, na wageni wangu walikunywa chai kavu.

Najua atakayeniambia kwamba ataziloweka usiku kucha kama anavyoloweka maharage, na kwamba hapo ataokoa muda. Ganda la azuki halipitishi maji kirahisi. Maji huingia kwa kitundu kidogo kilicho karibu na kitovu cha punje, ndiyo maana wapishi wengi wa Kijapani huzibandika motoni bila kuziloweka. Lililo muhimu ni kumwaga maji ya mchemko wa kwanza, kwani hayo huondoka na ukakasi. Kisha tia maji mapya, punguza moto, subiri saa moja hadi moja na nusu, na punje zisikose kufunikwa na maji. Hapo ndipo sukari inapoingia, kwa mafungu matatu, ukikoroga kwa mwiko mpaka ukiuburuta uone sakafu ya sufuria kabla rojo halijarudi kuifunika. Epua likiwa laini kidogo kuliko unavyotaka, kwa kuwa hukaza likipoa, na mwishoni utie chumvi chembe chache.

Mwingine atauliza vyakula vya jamii ya kunde na sukari wapi na wapi. Anayekula mbaazi za nazi kwa mahamri asubuhi hana haki ya kuniuliza swali hilo. Na asiyepata azuki ajue kwamba kunde na choroko ni ndugu zake, zote za jenasi ya Vigna. Rojo la kunde nyekundu huwa zuri, ila harufu yake ni nyingine, na mpishi mwaminifu atamwambia mlaji.

Muda umenitupa mkono. Anko laini isiyo na maganda hupitishwa kwenye chujio, wanga ukaachwa utuame, kisha ukakamuliwa kwa kitambaa ndipo upikwe na sukari. Msiisage kwa blenda mkadhani ni kitu kile kile, kwa sababu maganda yanabaki humo. Yokan ni anko iliyogandishwa kwa agari, ambayo hutokana na mwani. Ndugu zangu wa Paje na Jambiani, kule Unguja, ambako mwani unalimwa kwa biashara tangu 1989, huniuliza kama wao wanaweza kuutumia wa kwao. Ule hutoa karajini, si agari, nao hugandisha kwa namna nyingine. Ohagi, tonge la mchele wa kunata lililovikwa anko, ambalo Wajapani huliandaa wakati wa Higan, siku za Wabuddha za kuwakumbuka wafu, mwezi Machi na Septemba, nitalifundisha siku nyingine, na daifuku, andazi la mchele wa kunata lenye anko ndani, vilevile.

Sufuria hii mezani ina azuki ambazo bado sijazitia sukari. Njooni mbele, kila mmoja achukue punje moja aibane kwa kidole cha mwisho.