Injini isiyo na pampu ya oili: kufufua trekta kuukuu la bustani nyumbani

Ndugu zangu, asanteni kwa kufika. Mezani hapa kuna vitu vinne: hedi ya silinda, konrodi (mkono unaounganisha pistoni na krenki) iliyokatika vipande viwili, fila geji (majani membamba ya chuma ya kupimia nafasi), na kopo la rangi ya manjano. Kopo nimelisogeza pembeni kwa makusudi. Watu wanaofufua matrekta haya huanza na rangi, na rangi ndiyo inayowapotezea injini. Chuma kinang'aa, picha zinapigwa, halafu wiki ya pili konrodi inakatika na kutoboa ubavu wa bloku. Leo tutaingia ndani kwanza.

Trekta letu la mfano ni Cub Cadet 122 la International Harvester. Matrekta haya ya bustani yalianza kutoka mwanzoni mwa miaka ya 1960 kwenye kiwanda cha Louisville, Kentucky, kilekile kilichokuwa kikitoa trekta dogo la shamba la Farmall Cub. Giaboksi yake ya gia tatu ilitokana na ya huyo kaka yake wa shamba, na ndiyo maana ni imara kupita ukubwa wake. Injini ni Kohler K301: silinda moja ya chuma cha kusubu, valvu zimekaa ubavuni, inapozwa kwa hewa, ina nguvu farasi 12 kwa mizunguko 3600 kwa dakika. Ujazo wake ni kama sentimita za ujazo 476.

Sasa shikeni neno hili, maana mengine yote yanatoka hapa: injini hii haina pampu ya oili. Chini ya konrodi kuna kijiko. Kila krenki, yaani shafti kuu ya injini, inapozunguka, kijiko kinachota oili ya sampu (beseni la oili chini ya injini) na kuirusha juu, na matone hayo ndiyo yanayolainisha silinda, kemshafti (shafti inayoinua valvu) na shingo ya krenki, mahali konrodi inaposhika. Konrodi yenyewe ni ya aluminiamu, na haina beringi za vipande kama za gari. Aluminiamu inakaa moja kwa moja juu ya chuma cha krenki. Oili ikipungua hadi kijiko kisiifikie, aluminiamu inashika, inayeyuka kidogo, inakatika. Hakuna taa ya onyo wala geji ya presha. Kilichopo ni kijiti cha kupimia, na mtu mwenye desturi ya kukitazama kila kabla ya kuwasha.

Kwa hiyo trekta likishuka kwenye gari lililolileta, usiliwashe. Najua hamu ilivyo, lakini subiri. Toa oili yote kwanza na uichunguze kwenye beseni jeupe. Ikiwa na chengachenga zinazometa za aluminiamu, konrodi imekwisha anza kulika, na injini hiyo inafunguliwa hata kama inawaka vizuri. Ikinuka petroli, sindano ya kabureta haifungi na petroli imeshuka kwenye sampu. Oili ya namna hiyo ni nyepesi mno, nayo huua konrodi vilevile.

Kisha vua mabati yote yanayozunguka silinda. Kazi hii hurukwa kila siku. Fulaivili, gurudumu zito lililo mwishoni mwa krenki, ina mapanga yanayosukuma hewa kupitia mapezi ya silinda na ya hedi, na mabati yale ndiyo mfereji wa hiyo hewa. Trekta lililolala ghalani miaka kumi huwa na viota vya panya humo ndani, vya nyasi na sufi, vimejaa hadi kwenye mapezi. Kwa macho ya nje huoni kitu. Ukiliwasha hivyo, hedi inapinda na gasketi inaungua upande mmoja. Safisha kila pezi kwa kijiti cha mbao na brashi, na usirudishe injini kazini bila wavu wake wa kuzuia nyasi mbele ya fulaivili.

Kama pistoni imeshika kwa kutu, usiilazimishe kwa stata wala kwa bomba refu kwenye spana. Fungua hedi, jaza silinda mchanganyiko wa asetoni na oili ya giaboksi za otomatiki, nusu kwa nusu, na uuache siku kadhaa ukiongeza kila ukipungua. Kaa mbali na moto, asetoni inawaka upesi. Baadaye gonga pistoni kwa kipande cha mti mgumu na nyundo ndogo, taratibu, katikati. Ikisogea hata milimita moja umeshinda. Irudishe nyuma na mbele. Ukipiga chuma kwa chuma utatoboa kichwa cha pistoni.

Hedi ikiwa mkononi, ilaze juu ya kioo kinene na upitishe fila geji pembeni. Jani la inchi 0.003 likipita, yaani milimita 0.08 hivi, hedi imepinda. Kupinda kidogo kunanyooshwa hapohapo: gundisha msasa juu ya kioo, sugua hedi kwa mwendo wa namba nane mpaka uso wote upate rangi moja. Gasketi ni mpya daima. Bolti za hedi hukazwa kwa toki (nguvu ya kukaza) ya futi-pauni 25 hadi 30, kwa hatua tatu, ukianzia za katikati. Na kumbukeni, trekta zima ni la vipimo vya inchi. Spana ya milimita inayokaribia kutosha ndiyo inayokula vichwa vya bolti.

Tufike kwenye konrodi. Fungua sampu, toa kifuniko cha konrodi, pima shingo ya krenki kwa maikromita, mahali pawili kwa pande mbili. Kipimo cha kiwandani ni inchi 1.500. Ikiwa duara lake limekuwa yai kwa zaidi ya inchi 0.0005, peleka krenki kwa fundi wa kukereza aipunguze inchi 0.010, na ununue konrodi iliyotengenezwa kwa kipimo hicho. Msisugue shingo kwa msasa mkasema imekaa sawa. Nafasi kati ya konrodi na krenki inatakiwa kuwa kati ya inchi 0.001 na 0.002, ipime kwa ule uzi laini wa plastiki unaobanwa ukasomwa upana. Ikibana zaidi, oili haipiti. Ikilegea zaidi, inagonga.

Wakati wa kurudisha, alama mbili za konrodi na kifuniko chake zilingane, na zote zielekee kwenye fulaivili. Ukigeuza kifuniko, nafasi uliyopima haipo tena. Toki ya bolti za konrodi ifuate karatasi ya konrodi yenyewe, maana zimetoka za aina zaidi ya moja na namba hazifanani.

Baadhi ya injini za familia hii zina gia mbili za kupunguza mtetemo humo ndani. Mimi nasema zitolewe na zisirudishwe. Zinazunguka juu ya pini nyembamba, pini ikilika gia inavunjika, na vipande vyake vinatawanyika bloku nzima. Mtetemo utaongezeka kidogo tu. Kwa bloku ya chuma isiyotengenezwa tena, hiyo ni bei nafuu.

Valvu zina siri moja. Nafasi zake injini ikiwa baridi ni inchi 0.008 hadi 0.010 kwa ya kuingiza, na 0.017 hadi 0.020 kwa ya ekzosi. Nyingi za injini hizi zina kifaa kwenye kemshafti kinachoinua valvu ya ekzosi kidogo wakati wa kuwasha, ili kupunguza presha na kumsaidia stata. Nafasi ya ekzosi ikiwa kubwa kupita kiasi, kile kifaa hakifiki. Stata inazungusha nusu duara na kusimama, na mwenye trekta ananunua betri, kisha stata, kisha nyaya, kumbe dawa ilikuwa robo ya mzunguko wa nati ya valvu. Kwa sababu hiyohiyo kipimo cha kawaida cha kompresheni hapa kinadanganya: kwa mwendo wa stata kitasoma chini hata injini ikiwa nzima. Tumia kipimo cha kuvuja, kile cha kusukuma hewa ndani pistoni ikiwa juu kabisa, kisha usikilize. Hewa ikitokea kwenye kabureta, ni valvu ya kuingiza. Ikitokea kwenye ekzosi, ni ya ekzosi. Ikitokea kwenye tundu la oili, ni ringi.

Umeme wa cheche hauna shida kubwa. Pointi, yaani swichi ndogo inayokata umeme ili cheche iruke, ziko nje ya injini chini ya kifuniko kidogo, zinasukumwa na kijiti kutoka kwenye kemshafti. Zikikaa miaka zinaota ukungu mweupe usiopitisha umeme; mara nyingi kipande cha karatasi safi kilichovutwa katikati yake kinatosha kurudisha cheche. Nafasi yake ni inchi 0.020, na ya plagi ni 0.035. Kwa taimingi, zungusha fulaivili mpaka alama ya S ionekane katikati ya tundu lake. Hapo ndipo pointi zinapaswa kuanza kuachana, nyuzi 20 kabla ya pistoni kufika juu. Alama ya T ni ya pistoni ikiwa juu kabisa. Wanaoweka taimingi kwa hiyo hupata injini nzito, yenye joto, isiyo na nguvu.

Stata ya trekta hili ni jenereta pia, mashine moja kwa mkanda mmoja. Ukishaifungua au kubadilisha regyuleta (kifaa kinachodhibiti kuchaji betri), kabla ya kuwasha gusanisha kwa waya, mara moja tu na kuachia papo hapo, ncha ya BAT (betri) na ncha ya GEN (jenereta) kwenye regyuleta. Cheche ndogo itaruka, na jenereta itajua upande wa chanya. Ukisahau, inaweza kuchaji kinyume na kuunguza regyuleta mpya.

Kabureta loweka, puliza matundu yote, weka sindano na gasketi mpya. Anza na skrubu kubwa ya petroli duru mbili hadi mbili na nusu kutoka ilipofunga, na ya silensa (mwendo wa polepole injini ikiwa haina mzigo) duru moja na robo. Usikaze hata moja kwa nguvu, ncha zake zinachongoka. Marekebisho ya kweli yanafanywa injini ikiwa na joto. Tangi lenye kutu tia siki na konzi ya nati, tikisa, liache usiku kucha, suuza kwa maji ya magadi, kausha upesi.

Nyuma, toa oili ya giaboksi. Ikiwa nyeupe kama maziwa imeingia maji, na maji hayo yakiganda wakati wa baridi hupasua chuma. Osha kwa dizeli, mimina Hy-Tran, oili ya giaboksi ya International Harvester, mpaka kwenye tundu la kipimo. Kwenye klachi tazama pini zinazoshika shafti: nyingi zimekatika na watu wameweka bolti badala yake, na bolti imeyafanya matundu kuwa marefu kama yai. Rudisha pini za kusokotwa, na kati ya beringi ya klachi na mkono wake acha inchi 0.050, la sivyo beringi inazunguka muda wote na kufa.

Kutu ya vipande vya chuma itoeni kwa umeme: ndoo ya plastiki, kijiko kikubwa cha magadi ya kufulia kwa kila lita nne za maji, chaja ya betri. Hasi kwenye kipande chako, chanya kwenye chuma chakavu cha kawaida. Chuma kisichoshika kutu kisitumike kabisa, kinatoa sumu kwenye maji. Fanyeni nje, gesi inayopanda inalipuka. Aluminiamu isiingie humo.

Siku ya kuwasha, mimina oili ya SAE 30, karibu lita 1.9, soma kijiti, subiri, soma tena. Iache injini ipate joto bila mzigo, izime, na ikishapoa kaza tena bolti za hedi. Oili hiyo ya kwanza imwage baada ya saa tano za kazi, halafu kila saa 25. Ukiona hiyo ya saa tano haimeti kwenye beseni jeupe, sasa fungua lile kopo la manjano.