Mapera, Dagaa na Moshi wa Zebaki

Shikamooni wazee. Akina mama, hamjambo? Nimeombwa nizungumzie vitamini zinazomkinga mtoto tumboni dhidi ya sumu. Nimekubali, ila hapa Geita siwezi kuanza na vitamini. Naanza na jiko.

Jioni mtu anatoka mwaloni, kule wanakochenjulia dhahabu, na kidonge chake cha dhahabu iliyoshikana na zebaki. Anakichomea wapi? Mara nyingi uani, juu ya jiko lile lile la mkaa litakaloivisha ugali. Zebaki ikipata moto inageuka mvuke usioonekana wala kunuka. Ukiuvuta, karibu asilimia 80 inabaki mwilini, inaingia kwenye damu, na kondo la nyuma haliizuii. Kule Minamata, Japani, ugonjwa wa zebaki ulitambuliwa mwaka 1956. Ile ilikuwa zebaki ya kwenye samaki, si ya moshi, lakini walikuwapo akina mama waliojiona wazima kabisa huku watoto wao wakizaliwa ubongo umeshaharibika. Kwa hiyo usiniambie, "Mbona mimi sijisikii chochote."

Sasa tuje kwenye vitamini. Zebaki, madini ya risasi, sumu ya aseniki, moshi wa sigara, vyote vikiingia mwilini vinaleta kitu mfano wa kutu. Vitamini C na E hupunguza kutu hiyo. Wataalamu wanaziita antioksidanti. Mimi mniruhusu niziite vizuia kutu.

Je, zinamfaa mtoto kweli? Mwaka 2014 watafiti wa Oregon, Marekani, walitoa matokeo ya wajawazito walioshindwa kuacha sigara. Baadhi walipewa miligramu 500 za vitamini C kila siku, wengine vidonge visivyo na dawa. Watoto wa waliopewa vitamini walizaliwa na mapafu yenye nguvu zaidi, na katika mwaka wa kwanza ni wachache zaidi waliopumua kwa mluzi. Hilo si dogo. Ila sigara ni sigara na zebaki ni zebaki, na vitamini C haiitoi zebaki mwilini.

Nasema hivi kwa sababu nawaona wachuuzi wa makopo ya "kusafisha sumu" wanavyopita majumbani. Huko Uingereza wajawazito walipewa dozi kubwa, miligramu 1,000 za vitamini C pamoja na vitamini E, ili kuwakinga na kifafa cha mimba. Matokeo yalitoka mwaka 2006: kifafa hakikuzuilika, na watoto waliozaliwa na uzito mdogo wakawa wengi zaidi kwa waliokunywa. Vitamini A ya vidonge ndiyo ya kuogopa kabisa, maana ikizidi miezi ya mwanzo inaweza kumlemaza mtoto.

Basi tule. Pera moja linatosha vitamini C ya siku nzima. Mawese ya Kigoma yana vitamini E. Na pera lina kazi nyingine ninayoipenda kuliko hata hiyo ya kutu: linausaidia mwili kufyonza madini ya chuma yaliyo kwenye maharage na mchicha. Mwili wenye upungufu wa chuma hufyonza risasi kwa pupa, kama mwenye njaa asiyechagua chakula. Kwa hiyo vidonge vya damu vya kliniki msivifiche chini ya godoro (tunajua mnavificha), na chai ya rangi isubiri, msiinywe pamoja na chakula.

Halafu dagaa. Dagaa wanaliwa na mifupa yao, hapo unapata kalisi, madini ya mifupa. Kule Mexico City wajawazito waliopewa miligramu 1,200 za kalisi kwa siku walipungukiwa na risasi kwenye damu kwa wastani wa asilimia 11. Tena dagaa ni wadogo, hawajakusanya zebaki kama sangara mkubwa aliyekula wenzake miaka yote.

Hayo yote hayamtoshi mtoto kama kidonge cha dhahabu bado kinachomwa jikoni. Kichomwe mbali na nyumba, mjamzito asiwepo, na nguo za mwaloni zisiingie chumbani wala asizifue yeye.

Limebaki la pemba, udongo wa kutafuna. Udongo unaoliwa na wajawazito hapa Geita ulishapimwa, na aseniki ilikutwamo. Haya, yule mama wa nyuma aliyeinua mkono tangu nilipotaja pemba, karibu.